Tunu Asipelekwe kwa Jemadari

Kwa kaka yangu,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepata nafuu tangu baridi ipungue. Natumaini wifi hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Mimi nakula, nalala na kufanya kazi. Nimeandika hayo kwa kuwa marehemu baba alitufundisha kwamba barua haianzi kwa kupayuka, nami sitaki uende kumwambia wifi kwamba hata salamu zimenishinda. Basi salamu ndizo hizo. Sasa nenda ukakae kwenye lile jiwe lako bapa kando ya hori la maji, pale unapovalia buti kila asubuhi, uisome hii mpaka mwisho. Usiichane katikati. Nakujua.

Hukuwahi kuuliza ninakoishi, lakini nitakwambia. Nimepanga chumba nyuma ya duka la fundi wa matandiko. Kina kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia koti na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mchana nakaa dukani nikishona hatamu na mikanda ya tandiko kwa shazia, ile sindano nene ya ngozi, na uzi wa nta. Fundi ni mzee asiyependa maneno mengi. Mwaka mzima huu amenikaripia mara moja tu, siku niliyokata ngozi kinyume, na alipomaliza kunikaripia akanikatia kipande kingine tukaendelea na kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kukosea na bado akapewa chakula cha mchana kwa heshima.

Nisingekuandikia, kaka. Nilishaapa kwamba kalamu yangu haitaandika jina la nyumba ile tena. Lakini Ijumaa fundi wa kwato alipita hapa kuleta mkoba wake wa vyuma ushonwe mshipi. Unamjua, hawezi kukaa bila kusimulia. Akasema Tunu yuko kwenye joto tena, na kwamba Jumatano utampeleka kwa Bwana Kofia, kwa farasi wake dume, Jemadari. Nikamwambia amesikia vibaya, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kurudia jambo lile baada ya yaliyotokea mwaka jana. Akaapa. Akasema wewe mwenyewe umesema nasaba haina kosa, kosa lilikuwa la nyasi zenye ukungu, na sasa aliyekuwa akizilisha hayupo. Alikuwa anacheka aliposema hivyo, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka. Shazia ilikuwa imeniingia kidoleni na sikuisikia.

Kwa hiyo nasema mapema, ili hata ukiichana barua hapa uwe umeshalisoma: Tunu asipelekwe kwa Jemadari. Si Jumatano hii, si mwakani, si milele. Nitakueleza kwa nini, na njia ya kufika huko ni ndefu na itakuudhi.

Unakumbuka mwaka juzi, siku uliyotukalisha mezani kama wajumbe wa kikao? Ulikuwa umefungua kile kitabu cha nasaba cha baba, umevaa miwani, na wifi amekupangusia meza kana kwamba linakuja jambo la kheri. Ulikuwa na madume manne ya kuchagua. Ukatusomea mababu wa kila mmoja hadi kizazi cha tano. Wa kwanza ulimkataa kwa sababu babu yake aliwahi kushindwa mbio tatu mfululizo, wewe ukasema huyo ana doa. Wa pili ukasema bibi ya bibi yake hajulikani alikotoka, ukalitamka hilo kwa sauti ya chini watoto wasisikie. Wa tatu alikuwa na jina usilolipenda. Nilikuwa nabandua gamba la tope kwenye buti langu nikijiuliza kama tunamtafutia Tunu dume au unamwoza binti yako wa kwanza.

Ndipo ukafika kwa Jemadari. Ukasimama kabisa. Ukasema baba yake alikuwa bingwa miaka minne, hilo linajulikana, lakini kilichokugusa moyo ni mama yake, kwa sababu mama yake ni Chapakazi wetu, yule jike wa mizigo ambaye baba alimpeleka mara moja tu kwa dume mkubwa na akazaa dume mkubwa zaidi, tukamwuza kwa Bwana Kofia akiwa bado mdogo. Na Tunu ni mtoto wa Nakshi. Nakshi na Chapakazi, ukasema, walikaa ua mmoja maisha yao yote, mmoja wa sifa na mwingine wa kazi, na damu zao hazijawahi kukutana. Sasa zitakutana. Ukasema laiti baba angekuwepo. Wifi akafuta machozi. Ilikuwa hotuba nzuri, nakiri, na kila neno lake lilikuwa limeandikwa kitabuni.

Mimi nilisema miguu ya nyuma ya Jemadari imenyooka mno. Sikusema zaidi ya hapo. Ukanigeukia ukasema nasaba haisomwi miguuni, inasomwa kitabuni, na mtu ambaye hajawahi kusoma zaidi ya lebo ya gunia la pumba asikuharibie siku. Watoto wako walicheka. Sikuwalaumu, wanacheka unapocheka wewe.

Nilipaswa kusema siku ile ile. Nitarudi hapo.

Na tangu zamani ulikuwa hivyo na Tunu. Kila mgeni akija unamtoa bandani, unamzungusha, kisha unapitisha mkono juu yake na kusema tazama, hii ni shingo ya Nakshi, haya ni macho ya Nakshi, hii ndiyo hatua ya Nakshi ukimwona anatembea. Na wageni wote wanatikisa vichwa na kusema naam, naam, wanaiona. Nilisimama nyuma na koleo la samadi nikijiuma mdomo. Mtu mmoja tu hakuona shingo ya Nakshi. Fundi wa kwato, ambaye hajui kusoma hata jina lake, aliinua mguu wa Tunu siku moja, akautazama unyayo, akasema kwato hizi pana za bapa amewahi kuzishika kwa farasi mmoja tu katika ua huu, naye ni Chapakazi. Ukamjibu ashughulike na kwato, mambo ya ukoo awaachie wanaojua herufi. Tangu siku hiyo huwa anakuita Profesa wa Farasi usipokuwepo. Nimekwambia sasa, ukitaka mkasirikie.

Tuje mwaka jana. Tunu alibeba miezi kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda mgongo, mimi ndiye niliyekuwa nachagua nyasi kwa mkono, konzi kwa konzi, nikinusa kila moja. Hakuna unyasi wenye ukungu ulioingia kinywani mwake. Hilo nakwambia wala siliongezi chumvi. Akazaa asubuhi, jua limeshatoka, nasi tumesimama wote. Mtoto akatoka ana rangi nzuri, ana nyota nyeupe kwenye paji, lakini miguu yake ya mbele imekunjika kwa ndani haikunjuki. Siku tatu daktari wa mifugo alimfunga vibao, akamwinua, akaanguka. Siku ya tatu alianguka na hakujaribu tena kuinua kichwa.

Daktari alipokuwa akinawa mikono ndooni alikuuliza kama damu za wazazi zimekaribiana mno, kwa sababu alishaona miguu kama ile kwenye mazizi ambako ndugu wamepandishwa kwa ndugu. Ukakimbia ndani ukaleta kitabu, ukakipiga juu ya pipa la maji mbele yake, ukamwonyesha kwa kidole mstari kwa mstari. Hakuna palipogusana. Akasoma, akakubali, akasema basi labda ni bahati mbaya. Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini, akaniuliza kama kuna lolote ninalolijua ambalo kitabu hakina. Nikatazama ndoo. Nikasema hapana.

Jioni ile ile ukaninyang'anya funguo za ghala mbele ya wifi na vibarua wote. Ukasema nimemlisha jike wako nyasi mbovu kwa wivu, kwa sababu sina farasi, sina mume, sina changu. Ukaniita Kisirani, na vibarua wakalidaka jina hilo kama waliokuwa wanalisubiri. Wifi alinifungia nguo kwenye shuka, naye hakunitazama machoni. Nikatoka kwa lango la nyuma.

Sasa kaa vizuri hapo ulipokaa.

Miaka tisa iliyopita ulikuwa hospitali kwa ajili ya mapafu. Ulikaa miezi sita. Kabla hujalazwa baba alikuachia kitabu kwa mara ya kwanza, ukamchagulia Nakshi dume wewe mwenyewe, na kwa fahari uliyokuwa nayo ungedhani umeumba dunia. Mtoto angekuwa wako. Baba alisema hivyo mezani. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki siku zile, akasema mtoto wa Chapakazi atakuwa wangu, nimchagulie dume ninayemtaka mimi. Nikamchagua dume wa mwuza maziwa, yule aliyekuwa akivuta mkokoteni, kwa sababu nilimwona kila asubuhi miaka minne na sikuwahi kumwona akichechemea wala kumng'ata mtu. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema kitakachozaliwa kitafaa kubeba magunia.

Ukiwa hospitali ulikuwa unaandika barua kila wiki, na kila barua ilikuwa inauliza habari za Nakshi. Daktari wako alimwambia baba kwamba hutaki kula, hutaki kuamka, na kinachokuinua kichwa mtoni ni hizo habari za farasi tu. Baba alirudi siku ile akiwa amezeeka ghafla.

Chapakazi alizaa kwanza, Jumatatu mchana. Damu haikukatika. Nilimkama maziwa ya kwanza akiwa amelala, nikamnywesha mtoto kwa chupa, na kabla ya machweo mama alikuwa amekufa. Mtoto alikuwa jike, mzima, mwenye kelele. Wangu. Nililia kwa ajili ya mama na huku nafurahi, na sikuona aibu. Kesho yake, saa nne asubuhi, Nakshi akazaa jike vilevile, na huyo hakupumua. Mimi na baba tulimsugua kwa majani makavu, tukampulizia puani, tukamning'iniza miguu juu. Hakupumua hata mara moja, kaka.

Basi tukawa na jike mwenye maziwa asiye na mtoto, na mtoto mwenye njaa asiye na mama. Unajua kinachofanywa. Nakshi alikuwa mkali, asingemkubali mtoto wa mwingine, angemvunja mbavu. Baba alitoa kisu, akamtazama mtoto wako, akanipa mimi. Mimi ndiye niliyemchuna mtoto wako. Nilimchuna taratibu ili ngozi itoke nzima, nikamvisha mtoto wangu ili anuke kama wake, nikaifunga kwa kamba kifuani na tumboni kama kizibao. Nakshi akamnusa. Akapiga teke moja, akamnusa tena chini ya mkia, akakoroma, akamwachia ziwa. Baba alikaa chini kwenye samadi akafunika uso.

Mpaka hapo hatukuwa tumefanya kosa lolote. Yalikuwa ya kawaida, kila mfugaji amewahi kuyafanya. Kosa lilikuja baada ya chakula, baba alipofungua kitabu. Aliandika ukweli kwanza. Nilisimama begani kwake nikauona wino: Nakshi, jike, amekufa, Chapakazi, jike, mzima, Chapakazi amekufa. Akapuliza wino ukauke. Halafu akaitoa mfukoni barua yako ya mwisho akaisoma tena, akaichana karatasi ile kitabuni, akaandika upya kwenye iliyofuata: Nakshi, jike, mzima, Chapakazi amekufa na mtoto tumboni. Akaniambia ni mpaka upone tu. Ukisharudi na kupata nguvu utaambiwa, na mimi nitapewa changu. Akanipa karatasi iliyochanwa niitie jikoni motoni.

Ukarudi. Ukaja bandani na mkongojo, ukamkumbatia shingoni, ukamwita Tunu. Baba akanitolea macho juu ya mgongo wa farasi. Nikamezea. Mwezi wa kwanza akasema bado hujanenepa, mwaka wa kwanza akasema itakuvunja moyo, na kufikia mwaka wa tatu hakusema chochote na mimi sikuuliza. Akafa nalo. Siku ya nne baada ya kuzaliwa tulimvua mtoto ile ngozi. Kitabuni hatukuwahi kumvua.

Kwa hiyo Tunu si wa Nakshi. Tunu ni wa Chapakazi. Amezaliwa na tumbo lile lile lililomzaa Jemadari, na baba yake ni farasi wa mkokoteni wa maziwa. Unataka kumpeleka kwa kaka yake kwa mara ya pili. Mtoto uliyemchagulia dume kwa kitabu alikufa kabla ya saa tano, na yule unayemsifu kwa wageni miaka tisa, baba yake nilimchagua mimi, kwa macho, nikiwa nimesimama mlangoni na sufuria ya maziwa. Na ni wangu. Nilipewa mbele yako.

Hutaniamini, najua, utasema ni wivu. Basi usiniamini mimi, amini vitu hivi. Kitabu hicho unachokibeba kama maandiko matakatifu kina namba za kurasa. Zihesabu. Ukurasa wa hamsini na sita unafuatwa na wa hamsini na tisa. Umekisoma mara elfu ukitafuta mababu wa watu na hukuwahi kuona kwamba chako chenyewe kina pengo. Pili, fungua ukurasa wa Chapakazi uitazame picha aliyoichora baba. Shingoni, upande wa kulia, kiganja kimoja nyuma ya sikio, manyoya yanazunguka kinyume. Jemadari anayo alama hiyo, muulize fundi wa kwato. Sasa nenda kwa Tunu, uinue nywele za shingo, upapase. Baba hakuichora kwenye picha yake. Tatu, karatasi yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sikuitia motoni. Mwandiko unaujua.

Ningeweza kuishia hapa, na ungebaki ukidhani kwamba nilinyamaza kwa ajili ya baba. Nimelala na uongo huo mwaka mzima nikijipigapiga mgongo. Si kweli. Baba alikuwa ameshakufa miaka miwili siku ile ulipotukalisha mezani. Hakuna aliyenifunga mdomo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na ungepiga kelele, ungenitukana, lakini usingempeleka. Nilinyamaza kwa sababu watoto wako walicheka. Nilitaka kitabu chako kikuumbue. Nilitaka uende kwa mbwembwe zako, urudi, usubiri, na kitoke kitu cha kukufunga mdomo mbele ya watu. Miezi kumi na moja nilimkanda Tunu mgongo huku nikihesabu. Nyasi zangu zilikuwa safi. Mimi ndiye niliyekuwa na ukungu.

Na siku ile, mtoto alipoanguka mara ya kwanza, ukapiga magoti ukamweka kichwa mapajani mwako, na ukatuangalia kana kwamba kuna mmoja wetu anayeweza kukusaidia. Kabla sijamwonea huruma, kaka, nilifurahi. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi moja tu. Kisha nikamwona Tunu anamlamba masikio, anamsukuma kwa pua ainuke, na nikajua nimemfanyia nini farasi wangu mwenyewe. Uliponiita Kisirani sikujitetea. Ulikosea sababu tu.

Bado nakuchukia, usije ukadhani nimeandika ili tupatane. Nakuchukia kwa vicheko vyako na kwa zile funguo, na namchukia baba kwa kukupenda zaidi, na siku nyingine nikishona kwenye mwanga mbaya najichukia mwenyewe hadi uzi unakatika. Lakini Tunu hajamkosea mtu yeyote katika nyumba ile. Hatazaa tena mtoto wa kufungwa vibao kwa sababu mimi na wewe tunakomoana.

Mpeleke kwa dume yeyote mwingine, au usimpeleke kabisa. Na ukiona kwamba neno langu bado ni neno la mtu wa pumba, basi jua kwamba fundi wa kwato, anayekuletea barua hii, amebeba nyingine ya Bwana Kofia. Jumatano ni siku yake ya kazi kule. Akimwona Tunu uani ataitoa, na Bwana Kofia ataisoma mbele ya kila mtu, nawe utaeleza mwenyewe kwa nini kitabu cha marehemu baba hakina kurasa mbili. Asipomwona, ameniahidi kunirudishia haijafunguliwa. Jina la baba limo mikononi mwako, mahali ambapo yeye aliyaweka maisha yangu.

Sitaki chumba changu wala funguo. Namtaka Tunu. Siku utakayoweza kunitazama bila kufoka, mfunge kamba umlete hapa mjini mwenyewe, kwa mguu, ili upate muda wa kufikiri njiani. Nyuma ya duka kuna banda la fundi lenye nafasi ya farasi mmoja. Nimeshalisafisha.

Nisalimie wifi, na mwambie ile shuka aliyonifungia nguo nimeifua na nitaituma. Wasalimie watoto. Wasimulie ukipenda, maana wameshakua. Fundi wa matandiko anakusalimu ingawa hakujui. Vibarua usiwape salamu zangu.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Kisirani.

Nimebakiza moja. Tunu hapendi kushikwa sikio la kushoto, anza na la kulia. Na yule wa Nakshi, yule wako, tulimzika jioni ile, na siku ya nne tukafukua kidogo tukamrudishia ngozi yake. Alikuwa na nyota kama huyu wa mwaka jana. Yuko kando ya hori la maji, chini ya hilo jiwe bapa ulilolikalia. Mimi na baba tuliliviringisha pale ili mbwa wasifukue. Uliporudi kutoka hospitali ulilipenda, ukasema hapa ni pazuri pa kukaa mtu akimtazama Tunu.